Denis Burkitt: Mpasuaji wa Mulago aliyeuchorea ramani uvimbe wa taya

Mwaka 1957 Dakta Hugh Trowell wa Hospitali ya Mulago, mjini Kampala, alimwita mwenzake wa idara ya upasuaji aje kumtazama mvulana wa miaka mitano. Uso wa mtoto ulikuwa umevimba pande zote mbili, taya la juu na la chini, na meno yalikuwa yamelegea. Usaha huvimbisha upande mmoja wa taya, na saratani ya mfupa huanzia mahali pamoja. Hapa pembe zote nne za taya zilikuwa zimeshikwa kwa wakati mmoja. Mpasuaji aliyeitwa, Denis Burkitt, hakujua ni ugonjwa gani.

Muda mfupi baadaye alikuwa katika hospitali ya Jinja. Kupitia dirishani alimwona mtoto wa kike, yupo na mama yake, uso wake umevimba vilevile. Alipompima alikuta uvimbe mwingine tumboni.

Hapo ndipo Burkitt alipoanza kupekua majalada ya Mulago. Humo aliwakuta watoto walioandikwa kuwa na uvimbe wa taya, wengine wa figo, wengine wa ovari, wengine uvimbe uliosukuma jicho nje. Kila mmoja alikuwa amepewa jina la ugonjwa kufuatana na mahali uvimbe ulipojitokeza. Burkitt aliona kwamba mara nyingi uvimbe huo ulikutwa ndani ya mwili wa mtoto mmoja, na kwamba huenda yote hayo yalikuwa maradhi ya aina moja. Mwaka 1958 alichapisha maelezo yake katika jarida la upasuaji la Uingereza, na wataalamu wa maabara wa Kampala, hasa Gregory O'Conor na Jack Davies, wakathibitisha kwamba ni limfoma, yaani saratani ya chembe za kinga ya mwili. Hata hivyo si yeye aliyeuona kwanza. Albert Cook, aliyeanzisha Hospitali ya Mengo mwaka 1897, alikwisha kuandika habari za watoto wenye uvimbe wa taya miaka mingi kabla. Tofauti ni kwamba Burkitt aliwahesabu na kuwaweka pamoja.

Alizaliwa Enniskillen, kaskazini mwa Ireland, tarehe 28 Februari 1911. Akiwa na miaka 11 alipoteza jicho la kulia kwa jiwe lililorushwa. Alianza kusomea uhandisi katika Chuo cha Trinity, Dublin, kisha akageukia udaktari. Alipoomba kazi ya utabibu Afrika Magharibi, serikali ya kikoloni ilimkataa kwa sababu ya jicho lile. Ilikuwa ni vita vilivyomleta Afrika Mashariki, akiwa daktari wa jeshi, na mwaka 1946 akapelekwa Lira, katika Lango. Miaka miwili baadaye akahamishiwa Mulago.

Swali lililomsumbua sasa lilikuwa la mahali: kwa nini uvimbe huu uko huku na hauko kule? Kwa msaada mdogo wa fedha alituma karatasi za maswali na picha kwa hospitali za Afrika. Mwezi Oktoba 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams wa hospitali ya Kuluva huko West Nile na Cliff Nelson, waliondoka Kampala kwa gari la Ford lililokwisha kutumika, wakaelekea kusini. Kwa muda wa majuma 10 walisafiri takriban maili 10,000, wakiingia hospitali moja baada ya nyingine na kuuliza swali lilelile. Ramani iliyotoka humo ilionyesha kwamba karibu na ikweta ugonjwa huo ulikuwa nadra katika nchi iliyoinuka zaidi ya futi 5,000, na kwamba kadiri walivyoteremka kusini mpaka huo ulishuka. Si mwinuko wenyewe uliokuwa na maana, bali joto na mvua. Palipo na joto na mvua pana mbu, na palipo na mbu wengi pana malaria isiyokatika mwaka mzima.

Kabla ya safari hiyo, mwezi Machi 1961, Burkitt alikuwa amehutubia London katika hospitali ya Middlesex. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwapo Anthony Epstein, mtafiti wa virusi, akaomba apelekewe vipande vya uvimbe kutoka Kampala kwa ndege. Vingi havikuleta lolote. Mwishoni mwa 1963 ndege moja ilizuiwa na ukungu ikatua Manchester, na kipande kilipofika maabara maji yake yalikuwa yamechafuka kama yaliyooza. Epstein alitazama kabla ya kuyamwaga, akaona chembe hai zikielea. Katika chembe zilizooteshwa kutoka humo, yeye, Bert Achong na Yvonne Barr waliona kirusi kipya mwaka 1964, cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Kirusi hicho huingia karibu kila mtu bila madhara makubwa. Kwa mtoto anayeugua malaria mara kwa mara, kinga hulegea na saratani hupata nafasi.

Kwa wazazi waliokaa wodini, hata hivyo, jambo kubwa lilikuwa tiba. Kisu hakikusaidia, kwa kuwa uvimbe huu hukua upesi mno, na Kampala haikuwa na mashine ya mionzi. Burkitt alijaribu dawa zilizokuwa zikianza kutumika Marekani, kama methotrekseti na saiklofosfamidi. Uso wa mtoto uliweza kurudi katika umbo lake kwa siku chache. Wengi waliugua tena wakafa; wengine, baada ya sindano moja au mbili tu, walipona kabisa. Inastahili kukumbukwa kwamba mpasuaji ndiye aliyekiweka kisu chini.

Aliondoka Uganda mwaka 1966, akajulikana zaidi duniani kwa mafundisho yake juu ya nyuzinyuzi katika chakula, akafariki tarehe 23 Machi 1993. Mwaka mmoja baada ya kuondoka kwake kilifunguliwa Mulago kituo cha kutibu limfoma, chini ya Dakta John Ziegler kutoka Marekani. Kituo hicho ndicho kilichokua kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda.