Swinton: Mwanajeshi aliyekipa kifaru jina la tangi

WAKAZI wa Olympic, Kibera, wanaishi katika eneo ambalo askari Wanubi wa King's African Rifles walipewa makazi mwanzoni mwa karne ya 20. Baadhi ya askari hao walipigana Vita vya Kwanza vya Dunia, vita vilivyozaa gari ambalo Waswahili huliita kifaru, mithili ya mnyama yule mwenye ngozi nene. Waingereza nao huliita tangi, na jina hilo lilianza kama uongo.

Ernest Swinton alizaliwa Bangalore, India, mwaka 1868. Alijiunga na wahandisi wa jeshi la Uingereza mwaka 1888 na kupigana katika Vita vya Makaburu, Afrika Kusini.

Mwaka 1914 alitumwa Ufaransa kuwa mwandishi rasmi wa habari za vita. Huko wanajeshi walikuwa wakifyekwa kwa bunduki za rashasha na kunaswa katika seng'enge. Alikumbuka trekta za Marekani zilizotambaa kwa minyororo, akapendekeza gari la chuma la kuvuka mahandaki.

Wengine pia walikuwa na wazo kama hilo, na magari yakaanza kuundwa mjini Lincoln. Mwanzoni yaliitwa meli za nchi kavu, jina ambalo lingefichua siri kwa Wajerumani. Desemba 1915, Swinton na mwenzake Walter Dally Jones walitafuta jina lisilotiliwa shaka, wakachagua tangi. Mafundi waliambiwa kwamba wanatengeneza matangi ya kubebea maji huko Mesopotamia.

Swinton ndiye aliyefunza vikosi vya kwanza. Alishauri vifaru visitumiwe hadi viwe vingi, ili adui ashtukizwe mara moja. Ushauri huo haukuzingatiwa. Septemba 15, 1916, vifaru 49 pekee vilitengewa shambulio la Somme, na vingi viliharibika ama kukwama. Siri ilikuwa imetoka. Muda mfupi baadaye, Swinton aliondolewa katika uongozi wa kikosi alichokiunda.

Mwaka 1919, tume ya tuzo za wavumbuzi ilimpa pauni 1,000, huku wahandisi William Tritton na Walter Wilson wakigawana pauni 15,000. Alifundisha historia ya kijeshi katika Chuo Kikuu cha Oxford kuanzia 1925 hadi 1939, na kufariki Januari 15, 1951, akiwa na umri wa miaka 82.

Jina alilolibuni lifiche siri kwa miezi michache limeishi kuliko yeye.