Mwanakemia Aliyenyimwa Shahada

Kila nisikiapo mwanafunzi akipimwa kwa vyeti pekee, humkumbuka Lars Onsager, mwanakemia wa nadharia aliyezaliwa Norway mwaka wa 1903. Akiwa kijana wa miaka ishirini na ushei, alimwendea Profesa Debye huko Zürich, akamweleza ana kwa ana kwamba nadharia yake kuhusu miyeyusho ya chumvi ilikuwa na kasoro. Debye hakuhamaki, alimpa kazi. Mimi humstahi Debye kwa hilo kuliko kwa Tuzo ya Nobel aliyoipata baadaye. Ni walimu wangapi miongoni mwetu wangaliweza?

Marekani mambo hayakuwa mteremko. Mwaka wa 1928 Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kilimpa wanafunzi wanaoanza kemia. Hawakumwelewa, naye akaachishwa kazi. Chuo cha Brown nacho kilimwacha mwaka wa 1933, wakati wa ukata mkuu. Yale ikamwajiri kama mtafiti mwenye udaktari, kumbe hakuwa nao! Chuo chake cha Trondheim kilikuwa kimeiona kazi yake kuhusu uhusiano wa mitiririko, kama ule wa joto na umeme, kuwa haitoshi. Akaandika tasnifu nyingine, akahitimu mwaka wa 1935. Trondheim ilimtunuku udaktari wa heshima mwaka wa 1960. Miaka minane baadaye, kazi ile ile iliyokataliwa ikampa Tuzo ya Nobel ya Kemia.