Namba 42 Haigawiwi Tena

Mimi ni mtu wa soka, besiboli siijui vizuri. Ila Jackie Robinson namheshimu. Mwaka 1947 alivaa jezi namba 42 ya Brooklyn Dodgers, akawa mchezaji mweusi wa kwanza wa ligi kuu ya Marekani katika karne ya 20. Alitukanwa uwanjani, akavumilia, akacheza. Alifariki 1972. Mwaka 1997 ligi ikaistaafisha namba yake kwa timu zote.

Sawa, jezi ni heshima. Lakini mimi ninayesomea ualimu nakumbuka zaidi mwaka 1959: alisaidia kuchangisha nauli, wanafunzi 81 wa mpango wa Tom Mboya wakapanda ndege Nairobi kwenda kusoma Marekani. Sisi wenye bumu, tumemchangia nani?