MTORO BIN MWINYI BAKARI, MWALIMU WA UGENINI

Tumezoea kusikia habari za Wazungu waliokuja kufundisha Afrika. Je, mnamjua Mwafrika aliyekwenda kuwafundisha Wazungu Kiswahili?

Mtoro bin Mwinyi Bakari alizaliwa karibu na Bagamoyo mnamo 1869 hivi. Alisoma Kurani mpaka akawa mwalimu. Mwaka wa 1900 alikwenda Berlin, Ujerumani, kufundisha katika chuo cha lugha. Wanafunzi wake wengi walikuwa wakijiandaa kuja kutawala kwao, na wengine walimdharau kwa sababu ya rangi yake. Hebu fikiria, mwalimu adharauliwe na anaowafundisha! Hata hivyo alichapa kazi. Maandishi yake mengi yamo katika kitabu Desturi za Wasuaheli, kilichotolewa na Carl Velten mwaka wa 1903.

Mwaka wa 1904 alimwoa Mjerumani, Bertha. Mwaka uliofuata aliacha kazi, wakapanda meli kuja Afrika. Walipofika, serikali ya Kijerumani ikawakataza kushuka kama mume na mke. Ikabidi warudi Ulaya. Mcheza kwao hutuzwa, lakini Mtoro alifungiwa mlango hata wa kwao! Baadaye alifundisha Hamburg, na akafariki Berlin mwaka wa 1927.

Ile serikali imekwisha zamani, lakini kitabu kingali kinasomwa. Basi wenzangu, mwalimu akija hapa Chebunyo kutoka mbali, tusimcheke akikosea Kikipsigis. Ugenini si mchezo.