Röntgen, mwenye kutuachia radio ya kifua

Kila mufanyakazi wa mine anajua ile siku ya radio. Unavua shati, unakaza kifua kwenye mashini baridi, unakamata pumzi, kisha unangoja munganga aangalie kama vumbi ya shimo imeingia mu mapafu. Bibi na watoto wanangoja vilevile ku nyumba. Lakini mutu mwenye kuvumbua ile miale, wachache tu wanajua habari yake.

Wilhelm Conrad Röntgen alizaliwa tarehe 27 Machi 1845 kule Lennep, Ujerumani, mutoto mumoja tu wa muuza vitambaa. Wazazi walihamia Uholanzi angali mudogo. Ku masomo ya Utrecht, kijana mumoja alichora picha ya kuchekelea mwalimu. Wakubwa wakamukamata Röntgen, wakataka jina ya mwenye kuchora. Akakataa kutaja mwenzake. Wakamufukuza bila diplome. Milango ya iniversite ikafungwa, mpaka akasikia kama Zürich, kule Uswisi, wanaweza kumupokea hata bila ile karatasi. Akaingia 1865, akasomea ufundi wa mashini. Ni kule alipata bibi yake, Anna Bertha.

Siku ya Ijumaa, 8 Novemba 1895, alikuwa mwalimu mukubwa mu iniversite ya Würzburg, miaka 50. Magaribi alikuwa anapitisha umeme wa nguvu mu chupa ya kioo yenye kutolewa hewa. Ile chupa aliifunika na karatasi ngumu nyeusi, na chumba kilikuwa giza. Lakini pembeni, kibao kimoja chenye kupakwa dawa kikaanza kungaa. Akizima umeme, kinazimika. Akiwasha, kinangaa tena. Kumbe kuna kitu kinapita karatasi! Akaweka buku nene, kikapita. Akaweka mbao, kikapita. Risasi njo ilikizuia. Kisha akaweka mukono wake mwenyewe, akaona mifupa.

Wiki saba akajifungia mule, anakula mule, analala mule. Tarehe 22 Desemba akaita bibi yake, akamuomba atulize mukono dakika 15. Picha ikatoka: mifupa ya vidole, na pete. Akaiita miale X, juu mu hesabu X ni kitu chenye hakijajulikana.

Angeweza kuwa tajiri sana. Hakuandikisha miale kama mali yake, akaachia watu wote. Njo maana mashini ya radio zilienea haraka mu lupitalo za dunia. Mu 1901 akapewa zawadi ya Nobel ya fizike, ya kwanza kabisa; feza yake akaachia iniversite ya Würzburg. Mimi naona ni yule yule kijana wa Utrecht.

Miale hiyo hiyo inatoka hata mbinguni, lakini hewa ya dunia inaizuia. Lazima kupandisha mashini juu kupita hewa. Tarehe 12 Desemba 1970, satelite ya Wamarekani ilirushwa kutoka jukwaa ya Waitaliano mu bahari, karibu na Malindi, Kenya. Siku ile Wakenya walikuwa wanasherehekea uhuru wao, basi satelite ikapewa jina ya kwetu: Uhuru. Ikaona miale X inatoka mpaka katikati ya galaksi za mbali, na galaksi moja ni nyota mamiliardi. Satelite za nyuma zikaona kitu kingine: miale hiyo inaongezeka na kupunguka mu siku chache, mara nyingine mu masaa tu.

Hiyo inatufundisha nini? Fikiria galeri ndefu, kila mutu na taa yake. Shefu akiita watu wazime, wa karibu wanazima kwanza, wa mbali wanangoja sauti iwafikie. Taa zote zikizimika mara moja, ujue galeri ni fupi. Mbinguni hakuna habari yenye kushinda mwangaza kwa mbio, na mwangaza unakimbia kilometa 300 000 kila segonde. Miale ikibadilika mu masaa, basi fasi yenye kuitoa haipiti sana ile ya jua letu na sayari zake. Lakini nguvu yake inaweza kushinda nyota zote za galaksi! Wataalamu wanasema mule ndani kuna shimo jeusi, lenye uzito wa majua mamilioni. Gazi yenye kuvutwa inazunguka, inapata moto mukali, na mbele ya kumezwa inatoa miale X. Ile shimo, hakuna mutu wa kupanda tena.

Röntgen hakuona hayo. Bibi yake alikufa 1919. Kisha ya vita, feza ya Ujerumani ikaoza, akiba yake ikaisha. Alikufa Munich tarehe 10 Februari 1923, kwa kansa ya matumbo, miaka 77. Walimuzika Giessen, pamoja na wazazi wake na bibi yake. Alikuwa ameagiza barua zake zichomwe, wakazichoma.