Mchungaji Oberlin wa Bonde la Mawe

Upande wa mashariki wa nchi ya Ufaransa, katika Alsace, iko milima iitwayo Vosges. Ndani ya milima hiyo, mwendo wa kilomita 50 hivi kutoka mji wa Strasbourg, kimo kijiji kidogo, jina lake Waldersbach, ambacho wakazi wake hata leo hawafiki 200. Nchi ya pande zile huitwa Ban de la Roche, na kwa Kijerumani Steintal, maana yake Bonde la Mawe. Wala jina hilo si la bure. Udongo ni haba, baridi ni kali, na juu yake umesimama mlima Champ du Feu, ambao kimo chake chapata mita 1,100. Twataka kuwasimulia wasomaji wetu habari za mtu aliyekaa mahali hapo miaka 59, naye ni Mchungaji Jean-Frédéric Oberlin.

Oberlin alizaliwa Strasbourg mwaka 1740, na baba yake alikuwa mwalimu. Alipofika Waldersbach mwaka 1767, alipewa usharika wenye vijiji vitano: Waldersbach, Belmont, Bellefosse, Fouday na Solbach. Watu walikuwa maskini sana, wala hawakuwa na njia njema ya kupeleka mazao yao sokoni. Mchungaji Stuber aliyemtangulia alikuwa amekwisha kuanza kupigana na ujinga. Husimuliwa ya kuwa Stuber, alipouliza shule iko wapi, alionyeshwa kibanda kilichojaa kelele za watoto, na mwalimu wao mzee amelala kitandani. Mzee yule alikuwa amepewa ualimu kwa sababu hakuwa na nguvu tena za kuchunga nguruwe wa kijiji!

Oberlin alitaka kila kijiji kiwe na nyumba ya shule. Watu hawakufurahi, maana waliogopa gharama. Ikambidi aahidi ya kuwa shule haitawagharimu kitu. Akaomba fedha kwa rafiki zake wa Strasbourg, na nyingine akazitoa mwenyewe. Kisha akawataka wakate barabara na kujenga daraja juu ya mto Bruche. Wakasema haiwezekani. Hakubishana nao sana. Alishika sululu akaanza kuvunja mawe, hata wakaona haya kumtazama, wakamfuata. Akaleta mbegu bora za viazi ulaya, akapanda miti ya matunda, akafundisha matumizi ya samadi, tena akaweka mfuko wa kuwakopesha wakulima.

Lakini kazi iliyo kubwa kuliko hizo haikuwa ya mikono yake peke yake. Watoto wadogo, wasiotosha kwenda shule, walikuwa wakizurura wazazi wao walipokuwa mashambani. Katika kijiji cha Belmont binti mmoja, Sara Banzet, aliwakusanya akawafundisha kufuma sufu. Baba yake hakupendezwa, akiona ya kuwa ni kupoteza wakati. Oberlin akapatana nao, akamwajiri binti yule kwa mshahara, na mkewe, Madeleine-Salomé, akasaidia kuwaongoza yeye na wenzake. Walifundisha kufuma, hadithi za Biblia, majina ya mimea na lugha ya Kifaransa. Ndivyo zilivyoanza shule za watoto wadogo, miongoni mwa zile za kwanza katika Ulaya. Sara alifariki mwaka 1774, kabla ya kutimiza miaka 30.

Basi Oberlin naye aliwahi kukaza nia ya kuondoka, aende kuhudumu Marekani, ila vita ya huko ikamzuia. Mwaka 1783 alifiwa na mkewe, akaachiwa watoto wengi. Hapo ndipo Louise Scheppler, binti wa Bellefosse aliyekuwa mtumishi nyumbani mwake, alipojitoa kuwalea watoto hao na kuendeleza kazi ya shule, wala hakutaka mshahara. Wakati wa mapinduzi ya Ufaransa ibada zilikatazwa, na mwaka 1794 Oberlin alikamatwa, akaachiliwa muda si mrefu. Akarudi kwa watu wake.

Alifariki mwaka 1826, akazikwa Fouday. Mwaka 1829 Louise alitunukiwa faranga 5,000 na Akademia ya Ufaransa kwa wema wake, akazitumia kwa kazi ile ile. Naye alipofariki mwaka 1837 alizikwa Fouday pia. Katika Ohio, Marekani, iko shule kuu iliyoanzishwa mwaka 1833 yenye jina la Oberlin. Na nyumba yake ya Waldersbach ni makumbusho, ambamo vimo vitu alivyofundishia watoto.

Sisi tunaoadhimisha yubile twapenda kuhesabu majengo na miaka. Ni vema. Lakini tukumbuke ya kuwa bonde lile halikuinuliwa na mchungaji peke yake. Liliinuliwa pia na mabinti wa vijijini waliokaa na watoto wa wengine, mmoja akiwa na baba asiyeona faida ya kazi yake. Je, katika sharika zetu mabinti kama hao wanapewa mshahara, au wanapewa shukrani tu?