Bin Majid: Baharia aliyepima dunia kwa vidole

MWANAFUNZI wa Awendo, katika Kaunti ya Migori, hufundishwa darasani kwamba mji wake uko kusini mwa Ikweta kwa umbali usiotimia digrii moja. Akitoka usiku kuitafuta Nyota ya Kaskazini juu ya mashamba ya miwa, haioni. Aliye kwenye Ikweta huikuta nyota hiyo ikigusa upeo wa macho, na kila mtu asogeapo kusini ndivyo inavyozidi kuzama.

Kanuni hiyo, kwamba urefu wa nyota hiyo angani hukaribiana na latitudo ya anayeitazama, ndiyo iliyompa sifa Ahmad bin Majid, baharia aliyeishi zaidi ya miaka 500 iliyopita na kuandika juu ya njia za majini hadi pwani ya Afrika Mashariki.

Bin Majid alizaliwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 15 huko Julfar, mahali ambapo leo ni Ras al-Khaimah katika Falme za Kiarabu. Babake na babu yake walikuwa waongozaji wa vyombo katika Bahari ya Shamu. Cheo chao kwa Kiarabu kilikuwa muallim, neno lililozaa mwalimu wa Kiswahili. Na Pwani, mwalimu wa chombo alikuwa ndiye mjuzi wa njia.

Zana yao kuu ilikuwa kibao kidogo chenye uzi wa mafundo. Baharia aliung'ata uzi, akalinganisha ukingo wa chini wa kibao na upeo wa macho, na ule wa juu na nyota. Vipimo vilihesabiwa kwa vidole, kidole kimoja kikiwa zaidi kidogo ya digrii moja na nusu. Kila bandari ilikuwa na idadi yake ya vidole.

Kazi haikuwa rahisi. Zama hizo Nyota ya Kaskazini ilikuwa mbali na ncha ya anga kwa zaidi ya digrii tatu, hivyo ilimpasa baharia kusahihisha hesabu zake. Kusini, ilikozama, zilitumiwa nyota nyingine. Waswahili nao waliita kaskazini jaa na kusini suheli, majina yote mawili yakitokana na nyota.

Longitudo haikupimika kwa njia hiyo. Dunia huzunguka digrii 15 kila saa, na saa za kuaminika melini zilipatikana karne ya 18 tu. Mabaharia walitegemea siku za safari pamoja na pepo za kaskazi na kusi.

Yapata mwaka wa 1490, Bin Majid alikamilisha Kitab al-Fawaid, kitabu kikubwa cha elimu ya bahari. Aidha, alitunga mashairi mengi ya kufundishia, likiwemo moja kuhusu njia ya Sofala.

Hata hivyo, wengi humkumbuka kwa lawama. Vasco da Gama aliondoka Malindi Aprili 1498 akiwa na rubani, akafika Calicut mwezi uliofuata. Mwaka wa 1505 Wareno waliivamia Kilwa na kuiteketeza Mombasa. Baadaye katika karne hiyo, mwanahistoria wa Makka, al-Nahrawali, aliandika kwamba Bin Majid ndiye aliyewaonyesha njia, tena akiwa amelewa.

Wanahistoria wengi wa leo hawaikubali hadithi hiyo. Waandishi wa Kireno walimtaja rubani huyo kuwa Mgujarati, na jina malemo walilomwita si lingine ila muallim, cheo cha kila mwongozaji.

Kazi ya mwisho ya Bin Majid yenye tarehe ni ya mwaka wa 1500. Miswada yake imehifadhiwa Paris na kwingineko, na kanuni aliyoitumia ingali inafundishwa katika kila darasa la Jiografia, Awendo ikiwemo.